Mdogo Wangu, Hofu Hiyo Inakuja Saa Ngapi?

Barua ya mwezi huu ilitumwa saa nane na dakika kumi usiku, na hilo pekee lilinitosha kujua kwamba aliyeiandika hana usingizi. Ni binti wa miaka 27, yuko Mtwapa, anaweka hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi na jioni anajisomea mitihani ya uhasibu. Miezi miwili nyuma daktari wa magonjwa ya akili alimpa jina la kitu ambacho walimu wake wote walikiita uvivu na nyanya yake akakiita kichwa maji: ADHD, hali ya ubongo kushindwa kutulia na kushika jambo moja. Akaandikiwa vidonge vya methilifenideti, miligramu 10, kimoja saa moja asubuhi na kingine mchana.

“Dada,” anasema, “shikamoo kwanza. Dawa inafanya kazi, sikatai. Nakaa saa mbili bila kuinuka, kitu ambacho sijakiweza tangu nizaliwe. Lakini kutwa nzima roho iko juu juu. Bosi akinipigia ile simu yake ya saa tatu ya kuuliza mauzo ya jana, mikono inatoa jasho kama nimeiba. Chakula hakipiti, nashindia soda ya kuongeza nguvu. Kile cha mchana siku hizi nakimeza saa kumi ili nisome. Usiku nikifunga vitabu kama saa tatu, naanza kulia na sijui nalia nini. Mama anasema nimeingiwa. Mimi naona dawa inaniua polepole. Niiache?”

Marahaba, mdogo wangu. Vuta kiti ukae. Na ninyi wengine mnaochungulia kwa dirishani ingieni tu, maana najua wangapi mna kikaratasi cha dawa mkobani ambacho hata mume hajui.

Kwanza yale yasiyosubiri soga. Kifua kikikuuma, ukizimia, pumzi ikikukatika kwa kupanda ngazi tu, ukianza kusikia sauti zisizo na mwenyewe au kuamini kwamba watu wanakupangia njama, au wazo la kujidhuru likikupitia hata mara moja, funga ukurasa huu uende hospitali iliyo karibu, saa hiyo hiyo. Kama hakuna hata moja katika hayo, basi kesho asubuhi piga simu kliniki, uwaambie unataka kumwona daktari kabla ya tarehe uliyoandikiwa, uwatajie na sababu. Usikate dawa kwa uamuzi wako na usiiongeze kwa uamuzi wako. Methilifenideti ina upole fulani katika kuachwa, lakini ziko dada zake katika tiba hii hii, guanfasini na klonidini, ambazo ukizikatisha ghafla presha inaweza kuruka juu. Mtu asiyejua kidonge chake kiko upande gani asicheze na swichi.

Sasa tuzungumze.

Unasema hofu ni ya kutwa nzima. Barua yako inasema vingine. Barua inasema saa tatu asubuhi, simu ya bosi. Inasema saa tatu usiku, vitabu vikifungwa. Nimeisoma mara ya pili na kalamu mkononi na sikuona popote ulipolalamikia saa sita mchana, wala saa kumi na mbili jioni. Hofu yako ina ratiba, mdogo wangu, na mwenye ratiba hufuatiliwa akajulikana anatoka wapi.

Kidonge cha kawaida cha methilifenideti, kile kisicho cha kuachilia dawa polepole, huanza kazi ndani ya saa moja hivi, hufika kileleni karibu na saa ya pili, na baada ya saa tatu au nne kinakuwa kimekwisha. Weka hesabu, si ndiyo kazi yako? Umemeza saa moja asubuhi. Saa tatu dawa iko juu kabisa katika damu, na ndipo bosi anapopiga simu. Cha pili umekimeza saa kumi. Saa mbili usiku kinaaga, na saa tatu wewe unalia. Hofu ya kwanza ni ya dawa ikipanda. Ya pili ni ya dawa ikishuka. Zinafanana usoni kama pacha lakini hazitibiwi sawa, na ukimwambia daktari “nina wasiwasi, daktari” bila kumtajia saa, umemnyima nusu ya habari.

Hii ya kupanda naijua kwa jina na kabila. Mimi nilianza dawa hizi nikiwa na miaka 34, baada ya mwanangu kupimwa na daktari kuniuliza kwa upole, “Na wewe, mama, ulikuwaje shuleni?” Wiki ya kwanza niliamka nimechelewa, nikameza kidonge tumbo likiwa tupu, nikapita kwa muuza kahawa wa mtaani nikanywa vikombe vitatu vya kahawa chungu, vile vidogo, unajua havihesabiki. Nikapanda matatu. Hatujafika mbali moyo ukaanza kunipiga hadi nikawa nausikia masikioni. Kinywa kikakauka. Nikashika mkono wa mama wa watu niliyeketi naye, nikamwomba anishikie simu ampigie mume wangu nikianguka. Nilikuwa nimeshaamua ni wapi nizikwe.

Hospitali ya kwanza niliyoshushwa, ambayo sitaitaja, mtu aliyevaa koti jeupe alinitazama kutoka mlangoni akasema haya ni mawazo ya akina mama, nenda nyumbani upumzike. Nashukuru sikupumzika. Kwenye ya pili kijana mmoja alinipima moyo kwa mashine, akaniambia moyo wako mzima, una haraka tu, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: “Leo umekula nini na umekunywa nini, na saa ngapi?” Nilipomjibu alicheka. Sikumlaumu.

Acha nikueleze alichonieleza, kwa sababu mtu akishajua kinachomtikisa, nusu ya mtikisiko huondoka. Dawa za namna hii huitwa vichangamshi. Katika ubongo kuna kemikali mbili zinazopokezana ujumbe, dopamini na noradrenalini, na kwa mtu wa ADHD ujumbe huo haukai vizuri mahali unapohitajika. Methilifenideti huzuia kemikali hizo zisifyonzwe upesi, zikabaki kazini muda mrefu zaidi. Ndiyo maana sasa ukurasa unakaa. Lakini noradrenalini haifanyi kazi moja. Hiyo hiyo ndiyo inayohusika mtu anapokutana na mbwa mkali njiani: moyo unaongeza kasi, presha inapanda kidogo, viganja vinalowa, tumbo linafunga duka. Kwa watu wengi ongezeko ni dogo, kama mapigo 3 hadi 6 kwa dakika kwa wastani, wala hawalihisi. Wako wachache wanaolihisi sana, hasa wanapokuwa wageni wa dawa au dozi inapopandishwa.

Hapo ndipo mchezo unapoharibika. Mwili umeanza kukimbia, akili inafuata nyuma ikiuliza tunakimbia nini? Isipoona mbwa, inatafuta mbwa. Simu ya bosi. Ujumbe wa mama ambao haujajibiwa. Kodi ya nyumba. Chochote kilicho karibu kinavishwa meno. Wazee wetu wana neno la hali hii ambalo siku hizi tumelishushia hadhi tukawapa wambea: kiherehere. Asili yake ni ule mtukutiko wa moyo, na ndicho ulicho nacho saa tatu asubuhi. Moyo umetangulia, sababu imekuja baadaye kutafutwa.

Kuna kisa ninachokipenda kuhusu dawa hii. Aliyeitengeneza kwa mara ya kwanza, mwaka 1944, alikuwa mkemia wa kampuni ya Ciba huko Uswisi, Leandro Panizzon. Inasimuliwa kwamba mkewe, Marguerite, alikuwa na presha ya chini, akawa anaimeza kabla ya kwenda kucheza tenisi, na mchezo ukawa unamnogea. Jina la mkato la Marguerite lilikuwa Rita. Dawa ikaitwa Ritalin. Kwa hiyo kupandisha presha na kuchangamsha mwili ni tabia ya dawa hii tangu siku ya kwanza, na Bi Rita ndiyo aliyokuwa akiitaka. Wewe huna presha ya chini wala hupigi tenisi. Uko kwenye kiti mbele ya daftari la mauzo, na ule mchangamko hauna pa kwenda.

Wauguzi wa Tanzania wana maneno yao ya athari za dawa kama hizi: maudhi madogo madogo. Nayapenda kwa upole wake, ila mara nyingine nawagombeza moyoni. Maudhi ya dawa huwa madogo kwa anayeyasimulia.

Sasa ile ya usiku. Dawa inapotoka, inatoka kwa haraka, na ubongo uliokuwa umeazimwa kitulizo unarudishwa kwenye hali yake ghafla. Kuna wanaokuwa wakali kama pilipili kichaa, watoto hasa. Mama atakwambia mwanangu shuleni malaika, akifika nyumbani saa kumi na moja anapigana na viti. Kuna wanaozama katika huzuni na wasiwasi kwa saa moja au mbili, kisha inapita. Kulia bila kujua unalia nini saa tatu usiku kunafanana sana na hilo. Ongeza kwamba tangu asubuhi hujala. Tumbo tupu peke yake linatosha kumfanya mtu atetemeke, atoke jasho na aone dunia imemwinamia. Dawa hii huua hamu ya kula, hilo linajulikana, ndiyo maana chakula hakingojwi mpaka hamu ije. Kula kabla ya kidonge. Mahamri na mbaazi saa kumi na mbili na nusu, ndipo kidonge kifuate. Ukisubiri njaa ikwambie, njaa imefungwa mdomo mpaka usiku.

Na kile kidonge cha pili cha saa kumi, hapana, mdogo wangu. Uliandikiwa mchana. Umekisogeza mwenyewe ili usome, nimeona, nami nilifanya hivyo hivyo enzi zangu. Ukichangamsha mwili alasiri kuelekea jioni, ukaongeza na soda yenye kafeini, kitanda kinakuwa uwanja wa ndege. Usingizi ukikosekana usiku mmoja, kesho yake hofu inapata chakula cha bure. Barua yako ya saa nane usiku ni ushahidi tosha.

Tuiongee hiyo soda ya kuongeza nguvu. Kafeini ni kichangamshi, na dawa yako ni kichangamshi. Unaendesha gari moja na watu wawili wanakanyaga mafuta. Sisemi kahawa ni haramu kwako milele. Mimi leo nakunywa kikombe kimoja, baada ya kula, na nilijaribu kwa miezi kabla ya kujua kinanitosha. Ila kwa wiki hizi mpaka umwone daktari, acha soda hiyo, acha kahawa, na chai ipunguze rangi.

Hukutaja miraa, na sitaki kukusingizia. Lakini nakaa Pwani, nina macho. Kuna wanaokunywa vidonge vya ADHD asubuhi na jioni wako barazani na kitita, au muguka ule ambao kaunti ya Mombasa ilitangaza kuupiga marufuku Mei 2024 na mahakama ikaisimamisha amri. Ndani ya majani hayo kuna kathinoni, na kathinoni kwa umbile lake ni binamu wa amfetamini, ambayo nayo ni dawa ya ADHD. Anayetafuna juu ya kidonge anajipa dozi ya pili isiyo na kipimo. Mwambie daktari ukweli. Hatakupeleka polisi wala kwa kadhi. Anataka kujua tu kwa nini moyo wako unapiga vile.

Mwambie pia dawa nyingine zote. Vidonge vya mafua vyenye pseudoefedrini vinaongeza mbio za moyo. Pampu ya pumu, ile ya salbutamoli, nayo inatetemesha mikono. Na kuna ugonjwa wa tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi, ambao huja na wasiwasi, jasho na moyo kwenda mbio hata mtu asipomeza chochote; kipimo cha damu kinautambua. Na kama nyumbani kwenu kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana kwa moyo, hilo ulipaswa kuulizwa kabla ya kidonge cha kwanza. Hukuulizwa? Liseme sasa.

Nimesema hofu za dawa ni mbili. Lakini kuna ya tatu, ambayo si ya dawa kabisa, na hii naomba uisome taratibu.

Mtu aliyekua na ADHD bila kujua amekua akikosea na kugombezwa. Umesahau sare, umepoteza nauli, umeunguza ubwabwa, umekosa mtihani kwa sababu uliandika tarehe vibaya. Miaka ishirini ya hayo, mwili unajifunza kukaa umejikunja ukingoja kofi. Katika uchunguzi mkubwa wa watu wazima huko Marekani uliochapishwa mwaka 2006, karibu nusu ya wenye ADHD walikuwa pia na tatizo la wasiwasi la kiwango cha ugonjwa. Nusu! Wengi wao walikuwa nalo kabla ya kuonja kidonge. Kwa hiyo jiulize, nawe ujijibu kwa haki: mwaka jana, kabla ya dawa, simu ya bosi ya saa tatu ilikuwa haikutoi jasho?

Hapa nitakwambia jambo lililonishangaza nilipolisoma. Mwaka 2015 watafiti walikusanya majaribio 23 ya vichangamshi kwa watoto wenye ADHD, karibu watoto 3,000 kwa jumla, wakauliza: waliopewa dawa walipata wasiwasi zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa? Jibu likawa kinyume. Kwa jumla wasiwasi ulipungua kwa waliopewa dawa. Ukikaa ukafikiri, inaingia akilini: mtoto aliyeacha kusahau kazi ya nyumbani ameacha pia kuogopa mlango wa darasa. Mimi mwenyewe, mwaka wa pili wa dawa, nilijikuta nimelala usingizi mzito usiku wa kuamkia safari, mimi niliyekuwa nikiamka mara nne kuhakikisha tiketi iko mkobani.

Lakini wastani ni wa kundi, na wewe hukuzaliwa kundi. Ndani ya hesabu hiyo hiyo wako waliotulia na wako ambao roho ilipanda juu. Daktari atakayekusomea utafiti huo kukuonyesha kwamba huwezi kuwa unahisi unachohisi, mwombe akupime mapigo kwanza.

Basi fanya hivi mpaka siku ya kliniki. Chukua kijitabu, kile kidogo cha madeni ya dukani kinatosha. Kila siku andika saa uliyomeza, saa uliyokula na ulikula nini, ulichokunywa, saa uliyolala. Hofu ikija, andika saa kabla ya kuandika sababu. Sababu zinadanganya, saa haidanganyi. Kisha weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika moja nzima ukiwa umekaa. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Hesabu pia saa ambayo huna hofu, upate cha kulinganishia. Ikikupata siku ya Jumapili ukiwa umelala kitandani huna bosi wala simu, andika pia. Wiki moja ya kijitabu hicho itamwambia daktari mengi kuliko dakika ishirini za kujieleza huku umesahau nusu, na sisi watu wa ADHD tunajuana, mlangoni tu tumeshasahau.

Naye ana mengi ya kufanya, usidhani chaguo ni kumeza au kutupa. Anaweza kushusha dozi, halafu apande nawe polepole. Hofu ikiwa ni ile ya kupanda na kushuka, anaweza kukuhamishia kidonge cha kutoa dawa kidogo kidogo. Kile cha Concerta hufanya kazi karibu saa 12 kwa kumeza mara moja asubuhi, kupanda kwake ni kwa taratibu na kushuka vivyo hivyo. Usikikate wala usikitafune hicho, maana ukikivunja unamwaga ya siku nzima kwa mkupuo. Na usishtuke ukiona ganda lake chooni, ganda haliyeyuki, dawa ilishatoka. Wengine hubadilishwa kutoka jamii ya methilifenideti kwenda jamii ya amfetamini, au kinyume chake, na kinachomtesa huyu kikamfaa yule. Ipo atomoksetini, ambayo si kichangamshi cha namna hii na huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi; nayo ina maonyo yake, hasa kwa vijana, ya kufuatilia fikra za kujiua mwanzoni. Na hofu ikionekana ni ile ya tatu, ya tangu zamani, inatibiwa yenyewe kwa jina lake, kwa tiba ya mazungumzo, kwa dawa yake, au kwa vyote viwili, na kidonge chako cha ADHD kikabaki mahali pake.

Najua utaniambia, dada, kubadilisha dawa ni maneno, nani anazo? Kweli. Duka moja linayo leo, kesho imekwisha. Mwaka 2019, na tena 2021, kamati ya Shirika la Afya Duniani iliombwa iiweke methilifenideti katika orodha ya dawa muhimu ambayo nchi nyingi huifuata zinaponunua dawa za hospitali za umma, ikakataa mara zote mbili. Hata Marekani yenyewe ilitangaza upungufu wa Adderall, ile ya jamii ya amfetamini, Oktoba 2022. Kwa hiyo kabla hujatoka chumbani kwa daktari muulize na hili: nikiikosa dukani nifanye nini? Akuandikie jibu.

Mama sasa. Amesema umeingiwa. Usigombane naye. Anaona mwanawe anakonda, halali, analia usiku. Angekaa kimya ungemwona hakupendi. Akikuandikia kombe la zafarani kunywa, halina kafeini. Akikusomea, kaa usomewe, kukaa kimya dakika thelathini mtu akikushika kichwa kwa huruma kunashusha mapigo, nimejaribu. Ila hapo pekee simama imara: asikufiche vidonge wala asivimwage, na mganga yeyote asikupe mitishamba ya kuchanganya navyo bila daktari kujua. Ikibidi, nenda naye kliniki. Wangu alikwenda, akamsalimia daktari vizuri, akamuuliza maswali matatu makali kuliko yangu yote, na tangu siku ile ndiye anayenikumbusha kula.

Kwa nyinyi mnaoazimana vidonge wakati wa mitihani hosteli, nina neno moja tu. Huyo rafiki anayekupa kimoja “cha kukesha” hajui moyo wako, na dawa hii iko chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971. Ukikutwa nayo bila karatasi yenye jina lako, maelezo yako hayatasikilizwa. Na mnaokwenda kufanya kazi Ghuba, msipakie kidonge hata kimoja kabla ya kuuliza ubalozi wa nchi mnayokwenda. Nchi kadhaa za huko zinataka kibali kabla hujasafiri, na dawa halali ya Mombasa inaweza kukuweka ndani uwanja wa ndege. Bebeni barua ya daktari na dawa ndani ya pakiti yake.

Mfungo ukikaribia nitawaandikia watu wa daku peke yao. Kwa leo nasema tu, anayefunga na anameza vichangamshi aende kwa daktari Shaabani, asingoje mwezi uandame.

Narudi kwako, binti wa Mtwapa. Uliniuliza, niiache? Mimi nilibakia nayo, kwa dozi ndogo kuliko ile niliyoanzia, na dada mmoja ninayemjua aliiacha akahamia nyingine na hajuti. Jibu lako liko kwenye kijitabu ambacho bado hujakinunua. Kesho kula kabla ya kidonge, cha pili kirudishe mchana ulikoandikiwa, soda mpe mtu mwingine, na saa mbili asubuhi, kabla ya simu ya bosi, wapigie kliniki. Ukishamwona daktari niandikie uniambie amesemaje. Ila safari hii niandikie mchana.